Hodi ya Kimeu

Simu ilimkuta Kimeu juu ya paa la jikoni, akipigilia bati lililong'olewa na upepo wa usiku. Aliyepiga alikuwa binti mwenye sauti laini, kutoka kampuni moja ya ndege za abiria huko Nairobi. Alimwita "Captain," jina ambalo pale Mukuyuni watu walimwita kwa kejeli tu, akamwambia aje wiki ijayo kwa majaribio. Kimeu akasema asante, akarudisha simu mfukoni, akaendelea na misumari yake. Alishaitwa na makampuni namna hiyo mara nyingi, na kila mara alirudi nyumbani akiwa ametakiwa kila la heri. Mtu akitakiwa heri kiasi hicho mwishowe huanza kuiogopa.

"Nani huyo?" aliuliza mkewe, Syombua, aliyekuwa ameshikilia ngazi kule chini.

"Watu wa kazi."

"Wanasema nini?"

"Niende."

Syombua akangoja, labda kuna neno limebaki. Hakukuwa na neno. Akaendelea kushikilia ngazi, kwa sababu angefanya nini tena.

Huyu Kimeu alikuwa rubani, tena wa miaka mingi, ila usimfikirie rubani wa shati jeupe na mabega ya dhahabu. Alizaliwa upande wa Mwingi, na ujanani alipata kibarua cha kuosha ndege ndogo ya misheni. Kutoka kuosha akaingia kushika spana. Mmisionari aliyeirusha alikuwa mzee anayependa kusinzia mchana, na wakiwa angani alikuwa akimwachia Kimeu usukani, yeye akavuta kofia mpaka puani. Ndivyo Kimeu alivyojua kurusha ndege kabla hajajua kuendesha gari. Leseni aliitafuta baadaye, vipande vipande, kama watu wetu wanavyojenga nyumba ya mawe: mwaka huu msingi, mwaka kesho ukuta, paa Mungu akijalia.

Baada ya hapo akafanya kila kazi ya ndege ambayo mtoto wa tajiri haigusi. Alipeleka chanjo mahali pasipo barabara. Alikaa Makindu akihesabu ndovu kutoka juu. Alipulizia dawa ndege wale wadogo wanaomaliza mtama, na nzige walipotua Mwingi akawapulizia nzige. Watoto wa Mukuyuni wakamtungia jina, Kapteni Nzige, na likamkaa. Alipoanza kuomba kazi kwenye makampuni ya abiria, wakubwa waliangalia saa zake za angani, wakasema ni nyingi, kisha wakauliza ni saa za aina gani. Mmoja alimuuliza, huku akicheka, kama abiria nao atawapulizia dawa. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, na Kimeu alivumilia mpaka zile mbivu zikaanza kuoza.

Kazi zote hizo zilifanana kwa jambo moja. Huko juu alikuwa peke yake. Kiti kimoja, usukani mmoja, na mngurumo unaokuzuia hata kusikia mawazo yako. Kimeu hakuwa mwongeaji tangu utotoni, na kazi ikamkausha kabisa. Alikuwa akirudi nyumbani baada ya wiki mbili, Syombua anamuuliza kazi ilikuwaje, naye anajibu, "Sawa tu." Wakati mmoja Syombua, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ana maneno yake, alimwambia, "Baba Kathini, kuishi na wewe ni kama kuishi na boma la jirani. Moshi nauona, lakini sijui kunapikwa nini."

Kimeu alicheka kidogo, akaomba chai.

Mwaka ule wa nzige ndio uliomaliza mchezo. Walikuwa marubani wawili pale Mwingi, yeye na Mutisya, kila mtu na ndege yake. Mutisya alikuwa rafiki yake tangu siku za spana. Asubuhi moja, upande wa vilima vya Nuu, Mutisya aligeuza ndege chini mno, bawa likashika miti. Kimeu aliuona moshi kutoka juu. Jioni ile alirudi Mukuyuni, na Syombua akamuuliza kazi ilikuwaje.

"Sawa tu," alisema Kimeu. Akala, akaoga, akalala.

Syombua alikuja kupata habari za Mutisya siku ya Jumapili, kanisani, kwenye matangazo.

Walipofika nyumbani akatoa sharti moja, na hakulirudia tena. Kimeu atafute ndege yenye marubani wawili mbele, au aache kurusha kabisa, walime machungwa kama watu wengine. Kimeu alikubali. Miaka ikapita, makampuni yakaendelea kumtakia heri, umri ukavuka arobaini, na Syombua akaanza kuchimba mashimo ya miche bila kusema kitu. Simu ile ya paani ilikuwa ya kampuni ya mwisho katika zile zilizobaki. Hii ikikataa, basi, Kimeu anashuka chini moja kwa moja. Wote wawili walilijua hilo, na ndiyo maana hakuna aliyelisema.

Lakini kabla hatujafika Nairobi, ni lazima mjue jambo moja kuhusu viwanja vya ndege vya kwetu. Kile cha karibu na Mwingi ambacho Kimeu alikitumia zaidi kilifyekwa na akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, kwa majembe na mapanga. Kiwanja kilikuwa kizuri, ila mbuzi nao walikipenda kwa sababu nyasi yake ilikuwa fupi na tamu. Kwa hiyo hukuwa ukitua moja kwa moja. Ulipita kwanza chini chini, juu ya kiwanja, ukiangalia kushoto na kulia. Akina mama wakisikia, wanatoka mbio kufukuza mbuzi. Kukiwa safi, kiongozi wao, Kavindu, anasimama mwisho wa kiwanja na kutandaza leso yake nyekundu kwa mikono miwili. Hapo ndipo unazunguka, unakuja kutua. Kimeu aliita jambo hilo kupiga hodi. Na ni adabu ya Ukambani hata kwa mwenda kwa miguu: mgeni haingii bomani kama mshale, husimama nje kwanza, akakohoa, mpaka mwenyewe aseme karibu. Kimeu alipiga hodi katika kila kiwanja cha Kitui na Makueni kwa miaka yake yote. Mkono ulishazoea hata asipofikiri. Mazoea yana taabu, walisema wa kale, na walijua walichokuwa wakisema.

Siku ya majaribio aliondoka Mukuyuni kabla jogoo hajawika, akafika Nairobi amechoka tayari. Wakamfanyisha mtihani wa kuandika, wakamfanyisha mahojiano, wakamkalisha kwenye korido. Alasiri ndipo wakamwingiza kwenye simuleta, kile kijumba cha chuma kinachoinama na kutikisika kama ndege ya kweli, kioo cha mbele kikionyesha picha ya anga na ardhi. Alipewa mwenzake wa kukaa naye, kijana aitwaye Kiilu, aliyetoka chuo cha urubani juzi, mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Kiilu naye alikuwa akiomba kazi. Nyuma yao aliketi mwamuzi wa mambo yote, Kapteni Ummi, mama wa makamo mwenye buibui nyeusi na miwani. Kimeu angerusha. Kiilu angeshika redio na kumsaidia.

Kapteni Ummi aliwazimia injini moja. Kimeu akaishika ndege. Mama yule akawaletea mawingu na upepo wa ubavuni. Kimeu akaishika. Mikono yake haikuwa na neno. Kiilu alikuwa akimuuliza hili na lile, naye akimwitikia kwa kichwa tu. Zikapita saa mbili hivi, jasho likakauka mgongoni, macho yakaanza kuwa mazito kama ya mtu aliyeshinda shambani.

"Ya mwisho," alisema Kapteni Ummi. "Hali ya hewa nzuri, injini zote mbili. Niwekee Mombasa tumalize."

Hiyo ilikuwa rahisi kuliko zote. Uwanja wa Mombasa ulikuja mbele yao, mrefu, mnyoofu, lami tupu. Kimeu akashusha ndege vizuri, ikashuka, ikashuka. Ilipofika urefu wa mwarobaini, akaacha kushuka. Akapita juu ya lami yote mpaka mwisho, akiangalia kushoto, akiangalia kulia.

"Captain?" alisema Kiilu. "Captain, tunafanya nini? Si tutue?"

Kimeu hakumsikia. Akavuta usukani, akapanda, akaanza kuzunguka, huku akiitafuta leso ya Kavindu kule mwisho wa kiwanja. Alichokiona ni mnara wa kuongozea ndege wa Mombasa. Hapo ndipo akili ilipomrudia.

Kapteni Ummi alibonyeza kitu. Picha ikaganda, wakabaki wananing'inia hewani kama nguo kwenye kamba.

"Captain Kimeu. Hiyo ilikuwa nini?"

Kiilu alikuwa kijana wa roho nzuri. Akadakia, "Madam, approach haikuwa stable. Speed ilikuwa juu kidogo, ndio akaamua arudie."

Hapo Kiilu alikuwa amemtupia kamba ya kuokolea. Rubani anayeacha kutua kwa sababu ndege inakuja kasi mno husifiwa, hata vitabu vinamsifu. Kimeu alihitaji kuitikia kwa kichwa tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake siku nzima. Lakini uongo nao una uzito, unataka mtu mwenye nguvu za kuubeba mpaka mwisho, na yeye nguvu zilikuwa zimemwishia.

"Nilikuwa naangalia mbuzi," alisema.

"Mbuzi."

"Ndio, madam. Kule kwetu lazima upite kwanza uone kama kuna mbuzi. Nimesahau niko wapi."

Kiilu aliinamisha uso kwenye vidole vyake, mabega yakimtikisika. Kapteni Ummi hakucheka.

"Mimi nimezaliwa Mwingi," alisema. "Duka la baba liko pale kwa barabara ya Garissa mpaka leo. Mbuzi nawajua, wamekula hadi daftari zangu za shule. Mimi sina shida na mbuzi." Akavua miwani. "Huyu hapa kando yako ni nani?"

"Ni Kiilu."

"Ulimwambia unaangalia mbuzi?"

Kimeu akamgeukia Kiilu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama vizuri tangu waingie.

"Hapana."

"Wewe uliangalia kushoto, ukaangalia kulia, lakini yeye hukumwona. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwa usukani, alifikiri umezimia. Akaurudisha. Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe ni mtu mzima, una saa nyingi, akafikiri labda unajua kitu yeye hajui. Kwa hivyo akanyamaza. Ukinyamaza, mwenzako pia ananyamaza. Na watu wawili wakinyamaza huko mbele, hawa wa nyuma ni wa kuombewa tu."

Kimeu aliyasikia maneno hayo yakiingia mahali ambapo mengine yalikuwa yametangulia. Boma la jirani. Moshi. Aliona aibu, tena si ya urubani.

"Rudia," alisema Kapteni Ummi. "Safari hii sitaki kusikia kimya. Kitu chochote kiko kwa kichwa, kitoke kwa mdomo."

Basi Kimeu akarusha ndege huku akiongea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesukumwa mbele ya kanisa kusoma Biblia bila kujiandaa. Sasa napunguza mwendo. Sasa nageuka. Sasa naona uwanja. Kiilu naye akamjibu moja moja, na kadiri alivyojibiwa ndivyo Kimeu alivyoona lile neno la pili linatoka bila kuvutwa sana. Walipokaribia lami akasema, "Naangalia mbuzi upande wangu. Hakuna."

"Upande wangu pia hakuna, Captain," alisema Kiilu.

Nyuma, Kapteni Ummi alikohoa kikohozi cha kutiliwa shaka. Ndege ikatua, na kusema kweli ilitua vibaya, ikadunda mara mbili, kwani kuongea na kutua kwa wakati mmoja ni kazi mbili.

"Tutawapigia," alisema Kapteni Ummi wakitoka. Neno hilo Kimeu alilijua. Ni binamu wa kila la heri.

Alifika Mukuyuni kesho yake, mchana, amechakaa. Ilikuwa likizo ya shule, na Syombua alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ghala akimenya mbaazi, ungo mapajani.

"Ilikuwaje?" aliuliza, bila kuinua macho. Aliuliza kama mtu anavyobisha kwenye nyumba anayojua haina watu.

Kimeu alifungua kinywa, na sawa tu ikaja yenyewe mpaka kwenye ulimi. Akaimeza. Akavuta kigoda, akachukua konzi ya mbaazi.

"Nimekosea," alisema.

Akamwambia yote. Mtihani, korido, kijana wa ndevu za rula. Alipofika kwa mbuzi wa Mombasa, Syombua aliweka ungo chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, akijipigapiga goti na kumwita Mungu, "Aiee, Ngai!" Kimeu alikuwa amesahau kwamba mkewe hucheka hivyo. Kisha kicheko kikaisha, na kwa kawaida habari zingeishia hapo. Lakini Kimeu hakukoma. Hakuna aliyemuuliza, ila akaanza kusimulia asubuhi ile ya Nuu. Alivyomwita Mutisya kwa redio. Alivyomwita tena. Alivyozunguka juu ya ule moshi mpaka mafuta yakakaribia kuisha, kwa sababu aliona akiondoka Mutisya atabaki peke yake. Alivyorudi, akatua, akafunga ndege kamba kama kawaida.

Syombua alikuwa ameacha kumenya.

"Mimi nilisikia kanisani," alisema. "Walitangaza mambo ya mabati ya kanisa, halafu Mutisya, halafu mkutano wa akina mama. Watu wote wakageuka wakaniangalia. Walifikiri najua. Nikakaa hapo kama mtu anajua."

"Nisamehe, Mama Kathini."

"Ile jioni ulirudi kutoka Nuu ulikula chakula yote. Ukaongeza. Mimi ndio nilipika, nikakuona ukiongeza." Alifuta uso kwa ncha ya leso. "Kutoka siku hiyo, kila ukila vizuri mimi naogopa. Najiuliza, leo ni nani amekufa?"

Kimeu hakuwa na la kusema, na safari hii alimwambia hivyo: kwamba hana la kusema, kwamba amechoka, kwamba huko juu kulikuwa kunamtisha miaka mingi. Wakamaliza mbaazi zote. Hakuna aliyeponyeshwa siku ile. Ila ungo ulijaa.

Siku zikapita. Syombua akaanza kuweka samadi kwenye mashimo ya machungwa, na Kimeu akamsaidia, kwa kuwa alishategemea kutakiwa heri tena. Simu ilikuja saa sita mchana, wamekaa kupumzika kwenye kivuli kile kile na ungo mwingine wa mbaazi. Desturi ya Kimeu ilikuwa kuondoka na simu mpaka kwenye ua, akaongee akiwa amewapa watu mgongo. Alisimama, akapiga hatua, akarudi kuketi. Akaiweka simu juu ya ungo na kufungulia sauti ili mkewe naye asikie.

"Captain Kimeu, ni Ummi. Tumekuchukua. Utaanza darasani na watoto wadogo, na utakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, muda mrefu sana, chini ya makapteni umewazidi umri. Unasemaje?"

"Sawa," alisema Kimeu.

"Sawa nini? Ongea."

"Nimefurahi, madam. Nimekubali."

Syombua aliinamia ile simu kama mtu anayechungulia kisima. "Madam, mimi ni bibi yake. Nauliza tu. Huko mbele watakuwa wawili?"

"Wawili, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata mmoja akienda choo, lazima mwingine aingie akae na huyo amebaki."

"Haya. Asante. Mungu akubariki."

Simu ikakatika. Kimeu alimtazama mkewe, akitegemea wimbo au machozi, au angalau vigelegele vya kuwaambia majirani. Syombua alikaa kidogo akiangalia yale mashimo ya machungwa. Kisha akainuka polepole, mkono kiunoni, kama mtu anayetua mzigo wa kuni alioubeba toka mbali.

"Maliza hizi," alisema, akimwachia ungo wa mbaazi.

Akaingia ndani. Kimeu alimenya, akasikiliza, hakusikia sufuria wala ufagio. Alipokwenda kuchungulia alimkuta Syombua amejitupa kitandani na viatu vya shamba miguuni, mdomo wazi, usingizi umemchukua. Tangu amwoe hakuwahi kumwona akilala mchana, hata alipokuwa na mimba, hata alipougua malaria. Alimvua viatu, akarudi nje.

Jioni jirani yao alikuja langoni, akapiga hodi, akauliza kama Mama Kathini yuko. Kimeu alimwendea hadi pale pale langoni, ili sauti isifike ndani.

"Yuko, lakini amelala," alisema. "Tumwache. Yeye ndiye alikuwa amechoka."